Mbwa wa Kihungaria Kwenye Ukuta wa Ibra

Juma lililopita, nikiwa kwa daktari wa wanyama hapa Ibra, Omani, bibi mmoja aliingia akimvuta mbuzi wake aliyeng'atwa na mbwa mwitu. Macho yake yakaenda kwenye picha ukutani.

"Kondoo gani huyu, mwanangu, manyoya kama kamba za usumba?"

"Mbwa huyo, bibi," alijibu daktari, ambaye kasomea Hungaria. "Anaitwa komondori."

Bibi akavuta kanga yake kando, utadhani picha inatoa mate.

Daktari akaeleza huku akifunga jeraha. Komondori hukulia zizini, akafanana na kondoo hata mbwa mwitu asimtambue mpaka karukiwa. Zile kamba meno hayazipenyi. Wala hangoji kuamrishwa.

"Analala ndani?"

"Nje, bibi, hata kwenye theluji. Nyumba haitaki."

Kanga ikalegea. "Basi huyo ana adabu. Na mbwa wa mifugo ana ruhusa ya dini. Asili yake huko huko?"

"Hapana. Alikuja na Wakumani, watu wa mahema, walipowakimbia Wamongoli. Zamani sana."

"Na leo anaitwa mbwa wa wapi?"

"Wa Hungaria. Wanamwonea fahari kweli kweli."

Bibi akashika kamba ya mbuzi wake. "Mashaallah, mbwa keshakuwa mwenyeji. Mimi babu yangu kazaliwa Ibra hii hii, na sokoni bado wananiita Mzanzibari."

Daktari, naye mtoto wa Unguja, akajifanya anatafuta sindano. Mimi nikaitazama tena ile picha, kwa heshima na wivu kidogo.