Ndengu Iliyoota Kwa Koo Yangu

Nililia mbele ya majirani wote nikiogopa kikombe ya maji, na nilikuwa kijana mkubwa wa kuchunga mbuzi. Juzi nimeona watu wakipiga ndengu huku Kyuso, wamejifunga leso kwa pua, nikacheka peke yangu.

Siku hiyo nililia, turubai ya kupigia ndengu ilinuka majani makavu. Fimbo za majirani zililia pu! pu!, na mimi nilikuwa natafuna ndengu mbichi mojamoja. Koo ikaanza kuwasha. Nilikuwa nimeona zile zilizonyeshewa zikitoa mkia, kwa hivyo nikajua moja imeota huko ndani. Nikamnong'onezea rafiki yangu Mwende kwamba nikinywa maji, nimekwisha. Akakimbia kwao.

"Kunywa, Musyoka!" mama akasema, akininyooshea kikombe.

"Sitaki! Itamea!" nikasema nikilia.

"Aiya! Nini itamea? Hiyo ni vumbi ya maganda!"

Akanifanya nisukutue maji ya vuguvugu na chumvi, nikatema matope. Kuwasha kukapungua. Nikakaa nikingoja kufa mpaka nikachoka.

Mwende akarudi akihema. Nikamwambia nimepona, akanuna.

"Na nishaambia mama apike chapati za kula na ndengu yako! Sasa tutakula na nini?"