Waya wa Moto Katika Ghala la Mpunga

Ukipuliza uji, unapoa. Sayansi yote ya kifaa changu ni hiyo, usiogope. Nilivunja kioo cha balbu ya tochi, nikaubakiza ule waya wake mwembamba, nikaupitishia umeme wa betri upate joto bila kuwaka. Upepo ukipita, waya unapoa na sindano ya mita ya umeme niliyoiunga nao inasogea. Hewa ikienda sawasawa, sindano inatulia pale ilipofika; hewa ikivurugika, sindano inatetemeka.

Nilikuwa nikifundisha fizikia Kindu, zama za Zaire, wakati sote tulipoitwa sitwayeni, yaani raia, badala ya bwana na bibi. Jirani yangu wa mtaa wa Alunguli, mama mjane, aliweka mavuno yake yote ya mpunga katika ghala la ushirika, ng'ambo ya mto, yakaushwe kwa feni kubwa. Magunia yake yakaanza kunuka. Direkta wa ghala, mtu ambaye kola ya abakosti yake, ile suti ya Chama isiyovaliwa tai, ilikuwa ngumu kuliko akili yake, akasema mama alileta mpunga uliolowa maji kusudi, kuhujumu Chama. Akaamuru utupwe mtoni.

"Mwalimu," mama akaniambia, "mupunga yangu iko sawa na ya wengine. Watoto watakula nini? Kuya na kile kidude chako."

Nikapima. Karibu na feni sindano ilipanda ikatulia. Katikati ikatetemeka. Kwenye magunia ya mama, haikucheza kabisa. Hewa haiingii mahali isipopata pa kutokea, na tundu la kutokea, juu ya ukuta wa mwisho, lilizibwa na ubao mpana wenye picha ya Rais. Nilimweleza direkta polepole, kama ninavyomweleza mwanafunzi. Mwanafunzi angeelewa.

"Unasema Mukubwa wetu njo mwenye kuziba hewa?" akafoka, huku akiitupia picha jicho kama vile imesikia.

"Ni ubao, sitwayeni direkta. Tuusogeze kidogo tu."

"Hausogezwi! Upepo ipite pengine."

"Basi iandikie upepo barua," mama akasema.

Wapagazi wa ghala wakacheka.

Mama hakungoja. Alikodi mtumbwi, akavusha magunia, tukamwaga mpunga kwenye mikeka juani. Nusu ilipona, watoto wakala. Wenzake wa ushirika walipoona, nao wakaja kuchukua wa kwao.

Nilipopita tena, feni ilikuwa ikinguruma ndani ya ghala tupu, na direkta amepanda kiti, akiupangusa vumbi ule ubao kwa kitambaa safi.