Bata Kwenye Kitalu cha Bibi

Harufu ya tapentaini ikinipata popote, hata kwa fundi wa makochi hapa Same mjini, mapaja yananiwasha kama nimechapwa sasa hivi. Harufu ile ilianzia Ndungu, kwenye stoo ya Bibi mzaa mama, mwaka mjomba wangu aliporudi kutoka mjini na sanduku la rangi za mafuta. Magunia yalisukumwa pembeni, turubai la kuchorea likasimamishwa dirishani, na stoo iliyonukia pumba za mpunga ikaanza kunukia duka la rangi. Mjomba alikuwa mpole, mwenye vidole virefu, na mimi nilimpenda kupita kiasi. Alinifundisha kwamba maji hayana rangi ya maji, bali yana rangi ya kila kinachoyatazama. Nikaenda shule kuwatangazia wenzangu kana kwamba nimeligundua mwenyewe.

Kazi yetu msimu ule ilikuwa moja: kuamia kitalu cha mpunga, ndege wasikile. Miche ilikuwa imechipua, laini, na bata mwitu walikuwa wanashuka makundi makundi kutoka upande wa mbuga. Bata wale ni wazuri, sitawasingizia, wana duara la kahawia jichoni kama wamepakwa wanja na mlevi. Lakini wakiingia kitaluni hawaachi kitu. Asubuhi nikiwa shule, Mjomba alilinda. Mchana nilishika zamu mimi, na kombeo langu na debe bovu la kugonga. Bibi hakuwa na mpunga mwingine. Kitalu kile ndicho kilichokuwa wali wetu wa mwaka mzima, pamoja na wa Krismasi.

Siku hiyo nilifika kutoka shule nikakuta tope. Miche imeng'olewa, mingine inaelea, alama za miguu ya bata zimejaa jaruba zima, na hakuna ndege hata mmoja. Nilikimbia hadi nyumbani nikilia, nikamweleza Bibi. Bibi akamwita Mjomba, akamuuliza. Mjomba aliangalia ukucha wake wenye rangi ya kijani, akasema alikiacha kitalu salama saa sita. Nilimsubiri aongeze neno. Hakuongeza. Bibi akaamua kwamba nilikuwa nacheza njiani, akavunja fimbo ya mpera. Alinichapa huku na yeye machozi yanamtoka, akisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Fimbo iliuma, ndiyo, lakini kilichonitia bumbuwazi ni yule mtu niliyempenda, aliyekaa kwenye kigoda hatua chache tu, akiniangalia.

Wiki zikapita. Bibi aliomba miche kwa majirani, akapata ya kupandia kona tu. Mimi sikusema na mtu. Kisha Jumapili moja, baada ya ibada, Mjomba akaalika watu waje kuona kazi yake, maana ilikuwa inakwenda kuuzwa mjini. Akaiegemeza barazani, akaifunua kanga. Mzee mmoja wa kanisa alinyoosha mkono kugusa maji yaliyochorwa, akajicheka. Jua la asubuhi lilikuwa limemwagika juu ya milima ya Upare hadi mikunjo yake ikahesabika, na mbele, kwenye maji yanayometa, walikuwa bata. Kila unyoya ulikuwa mahali pake. Mmoja alikuwa ametandaza bawa, jua linapenya. Na midomoni, jamani, walikuwa na miche. Mibichi, mizizi inadondosha tope. Nilikijua kile kisiki cha kando ya kitalu chetu, niliijua ile mifereji. Na juu kabisa, kwenye tuta la kwenda shule, palikuwa na kitu kidogo cha buluu.

"Bibi," nikasema, "yule ni mimi."

Bibi alisogea akainama. Sisi Wapare tunataniwa kwamba kwa kesi ya kuku tutauza ng'ombe, lakini kesi ile haikuhitaji baraza. Alitazama jua lililo kwenye milima, akatazama sare yangu ya shule pale kwenye tuta, akatazama bata. Kisha akamgeukia mwanawe, kwa sauti ya chini kabisa.

"Walikula muda gani wakati wewe unawatazama?"

"Ningenyanyuka wangeruka, mama."

Alijibu hivyo tu, mbele ya watu, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. Wageni walitafuta viatu vyao mmoja mmoja. Mchana ule Bibi alipakua kuku. Firigisi nyumbani kwetu ilikuwa ya Mjomba, mwanamume pekee wa nyumba, na hakuna mtoto aliyewahi hata kuiota. Bibi aliichota, akaipitisha mbele ya uso wa Mjomba, akaiweka kwenye sahani yangu. Hakuniomba radhi kwa maneno. Picha akakataa isiuzwe, akaitundika juu ya meza ya chakula. Krismasi tukala makande chini ya wale bata walioshiba, na kabla ya mwaka mpya Mjomba akarudi mjini.

Leo picha iko sebuleni kwangu. Wageni wanaisifu, wanaipiga picha kwa simu. Siku hizi mtu akianguka barabarani simu hutoka kabla ya mikono, kwa hiyo Mjomba alikuwa ametutangulia tu. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, kwa kejeli, na ndivyo nilivyoamini: kwamba mchoraji yule, kwa kupenda sana ukweli wa macho yake, alijisahau akajishitaki mwenyewe.

Mwezi uliopita alikuja. Amezeeka, macho yana ukungu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaomba nimsogeze karibu na picha. Kidole chake kilipapasa rangi, kikapita milima, kikasimama kwenye kile kitu cha buluu.

"Wewe nilikuchora mwisho," akasema. "Baada ya ile fimbo. Mdomo ulikataa kusema."

Miaka yote ile! Alijua nitajiona. Aliita kanisa zima lije limhukumu, kwa sababu neno moja tu, kwa mama yake, lilimshinda. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumfukuza, na sikujua nianze na lipi.

"Ungesema tu, Mjomba," nikamwambia.

Nikaenda jikoni kupakua wali na kuku. Firigisi ilikuwa juu kabisa kwenye bakuli. Nikachukua kisu, nikaikata katikati.