Mate ya Mama

Mama yangu alizaa wasichana watupu. Mimi ndiye wa mwisho, na nasikia siku niliyozaliwa mkunga aliniweka pembeni bila kusema kitu, mama akajua mwenyewe. Kwetu Nyamwaga, mama asiye na mtoto wa kiume anasemwa hata akipita na kuni zake kichwani. Lakini Wakurya hatukubali kushindwa kirahisi. Tuna nyumba ntobhu. Mwanamke wa namna hiyo anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto watakaozaliwa ni wake yeye mwenye ng'ombe. Nani alimpa mimba yule msichana, hilo haliulizwi. Kitanda hakizai haramu, basi.

Ng'ombe wa kumwolea mama mke walitoka kwangu. Niliolewa Nyamisangura, hapa Tarime mjini, na mwanaume aliyekuja kunikagua kama ndama wa mnadani. Ng'ombe wake hawakuzoea hata majani ya kwetu. Mama aliwaswaga akavuka nao mpaka wa nchi, akarudi na binti yatima aliyelelewa na mjomba wake. Binti huyo ndiye aliyemzaa mdogo wangu wa kiume. Alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, tukamzika pale pale nyumbani, na mjomba aliyekula ng'ombe naye hakuchelewa kumfuata. Kwa hiyo mtoto alikua akijua mama mmoja tu. Watoto wa nyumba za namna hiyo wengi husema bibi. Yeye alisema mama, na ole wako umsahihishe mbele ya mama.

Alikuwa mtani huyo! Nina duka la sufuria na ndoo. Akija likizo anasimama mlangoni kwangu, wateja wamejaa, anapaza sauti: "Dada, ng'ombe wako nimerudi, niletee pumba." Namrushia mfuniko. Wanangu wanasema mama yao ana mdomo wa pilipili, na ni kweli, sikatai. Lakini kwa yule mtoto mdomo wangu uliisha makali. Nilimpenda kuliko nilivyompenda mume niliyepewa ili yeye azaliwe. Nimesema, na mume wangu Mungu amrehemu.

Mdogo wangu alikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii wilaya ya Serengeti. Wenye kambi wana hoteli nyingine kisiwani, baharini, wakamhamishia huko. Ndege yao ndogo ilikuwa na nafasi, wakampakia pamoja na wageni. Akanipigia akiwa kiwanjani. "Dada, leo mura, kijana wenu, anapaa!" Nikamwambia, "Usije ukawatapikia wazungu ukatuaibisha." Alicheka mpaka simu ikakatika. Ndege ilianguka baharini ikiwa imekaribia kufika.

Tuliitwa pwani, mimi na mama. Walisema lazima aje mzazi. Mama hakuwahi kupita Musoma, na miguu ilikuwa imevimba, lakini aliingia kwenye basi kabla yangu. Safari nzima alikuwa na mfuko mapajani. Ndani aliweka shuka jipya, jeupe. Sikumuuliza ni la nini. Alikuwa amechagua na mahali pa kaburi kule nyumbani, kando ya zizi, akawaambia vijana wa jirani wakate migomba iliyokuwa pale.

Nilivyoiona bahari nilichukia. Mama aliitazama muda mrefu, akauliza, "Mwenye maji haya ni nani, tumwombe?" Nikamwambia hayana mwenyewe. Akasema, "Ndiyo maana." Sisi tunaujua Mto Mara. Mto Mara ukichukua mtu, watu wanafuata ukingo, wanamkuta amenasa kwenye mizizi pale unapopinda. Unakuua lakini unakurudisha. Yale maji ya pwani hayakuwa na ukingo wa pili.

Walitujengea hema ufukweni, tukapewa viti vya plastiki. Wazamiaji walitoka na boti alfajiri, na wavuvi wa pale nao walitoka na mashua zao bila kuambiwa. Sisi kazi yetu ilikuwa kusikiliza. Injini ikisikika, hema lote linasimama. Siku moja walivuta bawa zima kwa kamba, na trekta likiwasaidia, chuma kikakwaruza mchanga kikipiga kelele ambayo hata leo nikikwangua sufuria naisikia. Siku nyingine walileta kiti. Mkanda wake ulikuwa umefungwa vizuri, na kiti chenyewe ni kitupu. Mama akaniuliza, "Sasa ametokaje?"

Mifuko ya kwanza ya miili ilishushwa kila mmoja na watu wanne. Baadaye ikawa inashushwa na wawili. Mwishoni nilimwona kijana mmoja ameshuka na mfuko wake peke yake, kwa mkono mmoja, na mama mmoja pembeni yetu alipoona vile akaanguka. Tulijua wote maana yake. Nilimgeuza mama yangu aangalie upande mwingine, akaniondoa mkono. "Niache. Huenda ni yeye."

Visu vyake vya kupikia vilipatikana, vimeviringishwa kwenye aproni, vikiwa bado vinang'aa. Nilitukana. Chuma kizito namna hiyo kimezama, wamekifuata mpaka chini wakakileta, halafu mtu aliyekuwa amekishika hapana.

Kwenye chumba cha kipimo cha vinasaba waliuliza, "Mzazi wa marehemu ni nani?" Mama akasema, "Mimi." Wakamwingizia kijiti chenye pamba mdomoni, wakamsugua shavu kwa ndani, wakakifungia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake nimeshika mfuko wa shuka. Nawaambia kweli tupu, haikunijia. Haikunijia hata kidogo. Wangeuliza ng'ombe walitoka zizi gani ningejibu, wangeuliza aliyemzaa amezikwa wapi ningeonyesha. Walisema mzazi, na mzazi alikuwa amekaa pale. Kwetu hakuna mwingine.

Tukakaa. Familia moja moja zikawa zinaitwa, zinaingia kwenye chumba, unasikia kilio, wanatoka na karatasi, wanaondoka na sanduku lao. Nilifika mahali nikawa nawaonea wivu watu kwa sababu wanalia. Hema likabaki na sisi na wengine wachache. Ndipo daktari wa vipimo, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, aliponivuta pembeni. Alikuwa mpole, sina ugomvi naye.

"Shikamoo mama. Naomba nikuulize. Marehemu alikuwa mtoto wa kulelewa?"

"Wa kulelewa vipi? Ni mtoto wa mama!"

"Vinasaba vya mama havilingani na mwili wowote. Na kuna mabaki ambayo hayajapata mwenyewe."

"Ng'ombe walitolewa!" nikamfokea, watu wakageuka. Halafu nikasikia mwenyewe nilichosema. Nikakaa chini kwenye mchanga kama mtoto.

Nilimweleza yote. Alisikiliza, hakucheka. Akaniuliza kama kuna mswaki wake, au nguo aliyoivaa bila kufuliwa. Alihama na kila kitu, na chumba chake kule kambini kilikuwa kimeshasafishwa na kupewa mwingine. Mtoto wake mwenyewe hakuwa naye, kila akisemwa aoe anasema bado anatafuta asiyejua kupika. "Basi tunahitaji aliyemzaa," akasema daktari. Nikamwambia yuko kaburini, na kwetu maiti haifukuliwi. "Basi aliyempa mimba."

Mama alikuwa amekuja nyuma yangu, amesikia. Akasema, "Baba yake ni ng'ombe," akaenda kukunja vitu vyake.

Tukarudi Tarime na shuka letu.

Sasa niwaambie jambo ambalo Nyamwaga nzima inalijua. Kuna mzee jirani ya mama, fundi wa kuchoma matofali, mke wake alishatangulia. Anatembea nyayo zikiangalia nje kama anakwepa tope. Mdogo wangu alitembea hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kusema. Mdogo wangu alimpa shikamoo kama anavyompa mzee yeyote, na yule mzee akajibu marahaba, akaendelea na njia. Ila kila mdogo wangu akija likizo, mzee atakuja kwa mama kuazima jembe. Ana majembe yake. Anakuja, anakaa kidogo, anamtazama, anaondoka na jembe.

Nilimsihi mama tumwendee yule mzee. Akasema mtu akiitwa leo kwa ajili ya mate, kesho atadai jina, keshokutwa atadai kaburi, na yeye mama, wasichana wake wote wameshaolewa, atabaki na nini? Nikamwambia, "Mama, sasa hivi una nini?" Alinitazama mpaka nikaona haya. Siku zikapita. Daktari akapiga simu: mabaki yasiyo na mwenyewe yatazikwa pamoja huko huko pwani, kaburi moja, kama hakuna atakayejitokeza. Mama aliposikia hilo alifunga kitenge vizuri, akachukua fimbo yake.

Tulimkuta mzee anapanga tanuru. Mama hakukaa.

"Mzee, mwanangu amekamatwa na maji. Wanataka mate yako."

Mzee akafuta mikono kwenye suruali. "Mate yangu ya nini kwa mwanao?"

"Usinifanye niseme."

Hakumfanya. Aliingia ndani, akatoka amevaa koti lake la kanisani.

Nilimpeleka hospitali mjini, wakachukua kipimo cha kupeleka pwani. Alipanua mdomo kama ndege mchanga, meno yenyewe machache. Wakati wa kurudi, tuko kwenye gari, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi alikuwa anapenda kula nini?" Nikamwambia, mpishi mzima, lakini akija kwangu anataka ugali wa mtama na maziwa ya mgando tu. Akatikisa kichwa, akacheka. "Hata mimi." Baada ya hapo hakunyamaza tena. Alikuwa anaogopa nini utotoni? Shuleni alikuwaje? Alikuwa anaimba? Nilijibu mpaka tunafika Nyamwaga. Jamani, mzee wa umri ule alikuwa anapata mtoto ndani ya gari, mtoto ambaye yuko chini ya maji. Nilitamani anyamaze, na nilitamani asinyamaze.

Akaanza kuja kwa mama bila kuazima kitu. Alichoma matofali mazuri, akayabeba mwenyewe kwa mkokoteni, akayapanga kando ya zizi pale migomba ilipokatwa. Ya kaburi. Mama aliyaona, hakusema yaondolewe. Wakawa wanakaa nje wote wawili, kila mmoja na kiti chake, katikati nafasi ya mtu mwingine kukaa.

Simu ilikuja nikiwa huko, nimetoka kumimina chai. Niliweka sauti ya nje ili wasikie.

"Mama, pole," daktari akasema. "Vya mzee navyo havilingani na chochote tulicho nacho. Na utafutaji umeshafungwa."

Nikabaki nimeshika simu. Mzee ndiye aliyesogea, akainamia mkono wangu.

"Binti, naomba unifafanulie. Maana yake hamkumpata? Au maana yake si damu yangu?"

Kule upande wa pili nikasikia mtu anapita na viatu.

"Mzee wangu, hatuwezi kujua. Inaweza kuwa hilo, inaweza kuwa lile. Huenda yumo humu kati ya hawa, ila hatuna wa kumlinganisha naye. Huenda hakutoka kabisa baharini."

"Na hakuna kipimo kingine?"

"Kwa sasa hakuna, mzee."

Akashukuru. Alishukuru kabisa, kwa adabu, akarudi kwenye kiti chake. Akazitazama nyayo zake kwa muda, zile zinazoangalia nje, kana kwamba ni za mtu mwingine. Akavua kofia.

Mama yangu ni mtu mgumu. Hakunililia nilipoolewa, hakulia hata pale ufukweni. Lakini alimgeukia yule mzee, akamwambia neno alilolibana miaka yote hiyo, wakati ambao halikuwa na faida tena kwa mtu yeyote.

"Alikuwa wako. Usisikilize watu wa simu. Mwendo ule ni wako."

Mzee akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Mimi ni nani? Alikuwa wako wewe. Ng'ombe walikuwa wako."

"Nimekwambia alikuwa wako."

"Wako, mama. Ng'ombe walikuwa wako."

Wakaendelea hivyo, wanarudishiana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nguvu ya kumpokea. Ng'ombe walikuwa wa mahari yangu. Sikusema. Chai ilikuwa imepoa, nikakusanya vikombe nikaenda kuipasha moto.