Glasi Moja na Nusu

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Povu aliutumikia ukumbi wa dansi bila kucheza hata wimbo mmoja. Jina hilo walimpa wahudumu, kwa sababu hakuna siku aliyotoka kazini bila povu kumkaukia kiwikoni au kwenye nyusi. Kazi yake ilikuwa kuosha glasi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kaunta, chembamba, chenye sinki tatu zilizofuatana: ya kwanza maji ya moto na sabuni, ya pili maji ya kusuuzia, ya tatu maji ya dawa. Ukutani palikuwa na kidirisha cha kupitishia sinia, na wateja wa ukumbi ule aliwajua kwa kile walichokirudisha pale kidirishani. Alijua yupi anatafuna barafu, yupi anapaka rangi ya mdomo isiyotoka hata kwa maji yanayochemka, na yupi anazimia sigara ndani ya glasi. Huyo wa mwisho alimlaani kila Jumamosi, kwa sauti, yeye na ukoo wake wote.

Alikuwa na ukaidi mmoja uliowachosha wenzake. Hakukubali glasi za meza mbili zichanganywe kwenye sinia moja. Zamani, alipokuwa mgeni kazini, glasi zilivunjika nyingi usiku mmoja, akasingiziwa yeye. Tangu hapo akachora namba za meza kwa chaki kwenye rafu ndefu ya bati, na kila glasi iliyorudi nzima aliitia alama mbele ya namba yake: kijiti kwa glasi ya pombe, duara kwa glasi ya soda, maana za soda hunata sukari na lazima zisuuzwe mara mbili. Wahudumu walimcheka. Walisema anazipanga glasi kama askari wa gwaride, na kwamba akifa atamuuliza malaika ametokea meza ya ngapi. Bi Povu aliwajibu kwa kuwamwagia maji.

Aliyemcheka zaidi ni kijana mmoja mhudumu waliyemwita Haraka. Huyu alikuwa na ugonjwa wa kuondoa glasi mezani kabla mwenyewe hajamaliza. Ukigeuka kumsalimia jirani, ukirudi hukuti kitu. Wateja walishamshtaki kwa meneja mara nne, na meneja alishamwapia kwamba mara ya tano ni ya kwaheri.

Jumamosi moja, dansi lilipoanza saa kumi na moja, mafundi cherehani wanne walikuja kukaa meza ya saba. Walikuwa wamemaliza sare za shule nzima, mia tatu na kitu, na walitaka kunyoosha migongo. Bi Povu hakuwaona, ila aliwasikia wakicheka, na kufikia saa moja kasoro meza ya saba ilikuwa na vijiti sita na duara moja.

Saa moja na robo Haraka akasukuma sinia kidirishani, jasho likimtoka.

"Bi Povu, kaunta hawana glasi! Fanya upesi, mama yangu."

Kwenye sinia palikuwa na glasi moja ya soda ya ndimu iliyobaki nusu. Bi Povu akafungua mdomo amtukane, ila jicho likanasa kwenye soda yenyewe. Soda ile ya ndimu hutoka kwenye chupa ikiwa safi kama maji, unaweka kidole ng'ambo ya glasi ukakiona hadi ukucha. Hii ilikuwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Akaiinua hadi kwenye taa. Chini kabisa palikuwa na chembechembe ambazo hazikuwa sukari, kwa kuwa soda ya chupa mtu haitii sukari, wala si nyama ya ndimu, kwa kuwa soda ile na ndimu yenyewe hazijawahi kuonana. Hakuionja. Mjinga si yeye.

"Hii ya nani?"

"Ya yule dada wa gauni la njano, meza ya saba. Imwage tu, hairudii. Kalewa, jamaa yake anamtoa nje."

"Kalewa nini?"

"Pombe! Kwani watu wanalewa uji?"

Bi Povu akatazama rafu. Duara moja. Na nusu nyingine ilikuwa mkononi mwake.

"Haraka, nitazame usoni. Umewahi kumpelekea huyo dada pombe leo?"

Kijana akatulia, labda kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. "Hapana," akasema. "Soda tu. Wenzake ndio wanakunywa. Walipoinuka kucheza waliacha glasi zao mezani, na yule jamaa alikuwa amekaa meza ya jirani."

Bi Povu akaifunika glasi kwa kisahani, akamtia Haraka mkononi. "Shika hivyo hivyo. Ukiimwaga nitakuosha wewe."

Sasa, kulikuwa na amri pale ukumbini: mwosha vyombo haonekani mbele ya wateja. Mwezi uliopita mpishi mmoja alirudishwa nyumbani kwa kuchungulia dansi akiwa na aproni. Bi Povu aliijua amri hiyo kuliko meneja mwenyewe, na kazi alikuwa anaihitaji. Alipiga moyo konde, akatoka na aproni yake inayochuruzika, akakata katikati ya wanaocheza. Mabwana waliovaa suti walimpisha kwa kuogopa kulowa.

Aliwakuta mlangoni. Mwanaume alikuwa mtu wa heshima kwa kumtazama, shati limepigwa pasi, sauti ya upole. Mkono mmoja alimshika kiunoni binti wa gauni la njano, na begani mwake mwenyewe alikuwa amening'iniza mkoba wa binti. Binti kichwa kilimwangukia kifuani, miguu ilikuwa inaburuta, kiatu kimoja hakipo. Bawabu alikuwa ameshafungua mlango.

"Pole, kaka," bawabu alikuwa anasema. "Mpeleke shemeji akalale."

Bi Povu akasimama katikati ya mlango, mikono kiunoni.

"Anaumwa nini huyu?"

"Haumwi, mama," mwanaume akasema kwa tabasamu. "Ni mke wangu. Amezidisha."

"Amezidisha nini?"

"Pombe, mama. Tangu saa kumi na moja yuko nayo."

"Glasi ngapi?"

Mwanaume akacheka, akamgeukia bawabu wacheke wote. "Jamani, nani anahesabu glasi?"

"Mimi," akasema Bi Povu. "Moja na nusu. Za soda."

Kicheko cha bawabu kikakatikia kooni. Bi Povu hakungoja zaidi. Alikuwa na sauti iliyozoea kushindana na ngoma na tarumbeta kupitia kidirisha kidogo, na sasa aliitoa yote: "Wenzake wa gauni la njano mko wapi? Njooni hapa, huyu anasema ni mkewe!"

Wapiga muziki walishtuka wakanyamaza mmoja mmoja, mpiga ngoma akiwa wa mwisho. Katikati ya kimya hicho fundi mmoja mwenye tepu ya kupimia bado shingoni alikuja mbio.

"Huyu alituambia mwenzetu ameenda msalani!" akapiga kelele, akimnyooshea mwanaume kidole. "Sisi tukakaa tunamsubiri. Mume gani? Mwenzetu hana mume!"

Yule bwana akamwachia binti ghafla, akasema anakwenda kuleta gari ampeleke hospitali. Bi Povu alimdaka binti kabla hajafika chini, na bawabu, aliyekuwa anamwita kaka dakika moja nyuma, akamkamata kaka yake ukosi wa shati na hakumwachia hadi polisi walipofika.

Walimlaza binti ubavu, kichwa juu ya aproni iliyokunjwa. Mmoja alileta kahawa, mwingine ndoo ya maji wamwagie. Bi Povu aliwafukuza wote. "Asinyweshwe kitu! Mtu hawezi kumeza, mnataka apaliwe? Wewe wa tepu, kaa hapa, sikiliza anavyopumua, usibanduke." Mara meneja akatokea, uso umeiva. Aliona aproni. Aliona alama za maji kuanzia kaunta hadi mlangoni. Akavuta pumzi ya kufokea, kisha akamwona binti, na glasi iliyofunikwa kisahani mikononi mwa Haraka. Alikwenda mwenyewe kuwasha gari, na Bi Povu akaipakata glasi njia nzima kama mtoto mchanga.

Daktari wa zamu, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, aliuliza mambo matatu: amekunywa nini, kiasi gani, tangu lini. Bi Povu alimjibu yote matatu bila kumung'unya maneno. Daktari akamtazama kwa macho mapya. Alisema dawa za aina hii hupita mwilini upesi, ndiyo maana wengi hufika kesho yake na hadithi tupu, hakuna wa kuwaamini. Wakachukua mkojo na damu, na glasi wakampa polisi. Baada ya saa moja alirudi akasema pumzi iko sawa, mapigo yako sawa, sasa ni kumwacha alale huku anaangaliwa. Bi Povu alikaa kwenye benchi. Alilia kidogo, akapenga kamasi, akajisikia mwepesi kama aliyetuliwa gunia.

Mambo ya ukumbini yalibadilika baadaye. Chupa zinafunguliwa mbele ya mteja. Ukiinuka kucheza, glasi yako inafunikwa na kupelekwa kaunta, na iliyokaa peke yake hairudi kwako, unaletewa nyingine. Mtu akilegea ghafla kuliko alivyokunywa, haondoki na yeyote hadi waliokuja naye waitwe mmoja mmoja. Aliyewafundisha wahudumu ni Bi Povu, tena ukumbini, na aproni yake. Haraka aliponea chupuchupu: mteja wa tano alipomshtaki, meneja alisema haraka ya huyu kijana imewahi kuwa na baraka siku moja, basi asamehewe hiyo moja.

Lakini asubuhi ile hospitalini hakuna aliyekuwa anawaza ukumbi. Jua lilipokwisha kuingia wodini, mama wa binti alifika, mtandio kauvaa ndani nje, na hofu yake ilikuwa imegeuka hasira njiani.

"Nilimkataza! Nilimwambia pombe na madansi vitamwaibisha! Ona sasa, watu wanasema nini?"

"Mama mwenzangu," Bi Povu akasema, na uchovu ukampa ukali, "mwanao alikunywa soda. Aibu ni ya aliyetia dawa. Wewe kaa, umshike mkono, maana ataamka anatafuta mtu."

Yule mama akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mwanawe wenye alama za sindano za cherehani, akaubusu, akaanza kulia taratibu.

Binti alifumbua macho mnamo saa tatu. Akatazama dari, akamtazama mama yake, akashusha macho kwenye shuka la hospitali. Rangi ikamtoka. Alijipapasa gauni, na walipomwona anavyojipapasa wote wawili walielewa anatafuta nini na anaogopa kukiuliza.

"Sikumbuki kitu," akanong'ona. "Nakumbuka nilikaa. Halafu... Mama, nilifika wapi?"

Mama mtu akamgeukia Bi Povu. Bi Povu akainama karibu, akamshika kidevu ili binti amwone vizuri machoni.

"Mlangoni, mwanangu."

"Mlango wa wapi?"

"Wa ukumbini."

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Ulifika mlangoni tu, nami nilikuwa hapo."

Binti akajifunika uso kwa viganja, na kilio kilichomtoka kilikuwa kikubwa, cha mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. "Mlangoni tu," alisema, akacheka katikati ya machozi, akarudia tena, "mlangoni tu," na mama yake akawa anaitikia kila mara, "Ndiyo, mwanangu. Mlangoni tu."