Masikio Yangu na Masikio ya Bahati

Juzi mtu wa kwetu aliniletea jibini ya Masisi, duara zima, imefungwa kwenye gazeti na imeanza kutoa jasho. Nyumbani umeme ulikuwa umekatika, basi nikaipeleka kazini, nikaificha kwenye friji ya maabara, nyuma ya chupa ambazo hata mimi sizigusi bila glavu. Mnaonisoma, msinichongee. Mkuu wangu anazunguka na pua juu akitafuta kinachooza, nami nainama kwenye kazi yangu kama simsikii. Ila kila mlango ule ukifunguliwa, harufu ile ya maziwa na moshi inanifikia, na mimi mtaalamu wa jeni nageuka mtoto wa miaka kumi na miwili, wa Mabanga, Goma, masikio yakiniuma.

Jibini ya utoto wangu ilikuja na Shangazi, dada mkubwa wa Papa, aliyefuga ng'ombe huko milimani Masisi. Katika ukoo wetu mtoto hahesabiwi kuwa wetu mpaka shangazi amwangalie visigino. Humgeuza miguu juu kama anakagua kuku wa sokoni, husugua kisigino kwa kidole gumba, kisha hutangaza. Kwangu alisema, bila furaha kubwa, kwamba nimefuata upande wa mama. Mdogo wangu Bahati, Shangazi alimwona akiwa tayari anatambaa, maana vita vilikuwa vimefunga njia muda mrefu. Aliangalia kisigino, akaangalia sikio, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Bahati alikuwa Papa mtupu. Masikio yao yote mawili yalishikana na shavu, hayana ile nyama laini ya kuning'inia pale wasichana wanapotobolewa. Yangu yalining'inia.

Lazima niwaambie pia habari ya utani wa nyumbani. Nilikuwa na miaka mitatu volkano ilipoteremka mjini na watu wakakimbia, na Bahati alikuwa wa kunyonya. Siikumbuki siku ile. Nyumba iliungua, tukahamia Mabanga kati ya majirani wapya. Katika mkimbio ule watoto wengi walipotezana na wazazi, wengine wakaokotwa na watu wasiowajua, na hivyo nyumba nyingi za Goma zikapata maneno ya kumwambia mtoto mtundu. Nikivunja sahani, Mama aliguna, "Weye tulikuokotaka ku mawe!" Yaani kwenye mawe ya volkano. Nami nilicheka. Bahati alitumbukiza redio ya Papa kwenye sufuria ya maharage na hakuambiwa neno hilo. Niliona wivu, nikajua tu kwamba yeye ndiye kipenzi.

Kisha, Ijumaa moja, mwalimu wa biolojia alichora sikio ubaoni. Alisema kwa sauti ya mtu asiyebishiwa kwamba baba na mama wenye masikio ya kushikana hawawezi kuzaa mtoto wa masikio ya kuning'inia. Haiwezekani, akasema, akapiga ubao kwa fimbo. Jumatatu kila mmoja angesimama mbele ya wenzake na kueleza masikio ya kwao.

Nilirudi nyumbani mbio. Ya Papa niliyajua. Ya Mama sikuwahi kuyatazama, kwa sababu alifunga kitambaa kutwa nzima. Nilingoja avue ili asuke nywele. Yalishikana.

Ule utani haukuwa utani tena. Kumbe walikuwa wananiambia ukweli miaka yote huku mimi nacheka! Jumamosi nzima nilikaa nikisikiliza mlango. Muuza makala, mkaa wa kupikia, alipopiga hodi, nikamwona ana masikio ya kuning'inia kama yangu, nilijificha nyuma ya pipa la maji nikimwomba Mungu asiwe amekuja kunichukua. Alikuwa amekuja kuuza makala, lakini mimi sikutoka pale mpaka alipomaliza kugombana na Mama juu ya bei na kwenda zake. Nilianza hata kuaga vitu: kitanda, jiko, kaptula ya Bahati iliyoanikwa kwenye kamba.

Nikaamua kujitengeneza. Nilichukua sparadra ya Papa, ile ya kufungia vidonda, nikabandika nyama ya kila sikio kwenye shavu, nikavuta kwa nguvu ili ishike kabla ya Jumatatu. Nikafunga kitambaa juu. Jumapili nilikwenda kanisani hivyo, nikarudi masikio yamevimba na yanawaka moto, na nani namkuta sebuleni? Shangazi, na jibini yake.

Alinivua kitambaa kabla sijamaliza kumsalimia.

"Yesu wangu! Huyu mutoto anajifunga masikio juu ya nini?"

Nililia. "Mama, ni nani alinizalaka?" Maneno yote yakatoka: mwalimu, ubao, mawe, muuza makala.

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Papa na Mama hawakucheka. Papa alikuwa anakata jibini, na kisu kilibaki katikati hakiendi chini wala juu. Bahati alikuwa mezani pembeni yake, anaitazama ile jibini tu. Papa alimwekea mkono kichwani.

"Mu hii nyumba hakuna mutoto wa kuokota," alisema. "Munasikia? Bote muko batoto bangu."

Akakata kipande kikubwa kuliko vyote, akampa Bahati. Mimi ndiye niliyekuwa nalia! Mama alinikalisha chini, akaanza kuitoa sparadra kwa mafuta, polepole.

"Weye nilikuzalaka siku ya mvua," aliniambia. "Bati ya hospitali ilikuwa inavuja, daktari ananipigia makelele nisukume, miye namuambia akingie mutoto maji kwanza."

"Na miye?" Bahati akauliza, mdomo umejaa.

"Weye kula. Fromaji itaisha."

Jumatatu nilisimama nikasema ukweli wote. Mwalimu alifikiri kidogo, akaniambia sikuangalia vizuri, nirudi nyumbani nikaangalie tena.

Leo najua kwamba sheria yake ilikuwa ya ovyo. Sikio linaamuliwa na jeni nyingi, na wazazi wa masikio ya kushikana wanazaa wa kila namna. Nilipojifunza hilo chuoni nilimpigia Papa simu usiku ule ule, nikamtangazia kwamba mimi ni wake. "Nani alikatalaka?" akaniuliza. Nikienda nyumbani, mtaa mzima unaniletea watoto niwapime kwa macho, na mji wetu bado unasoma pua na urefu wa mtu na kumwambia atokako kwa uhakika wa mwalimu yule. Nawajibu kwamba sioni kitu. Wananihurumia, masomo yote yale bure.

Mwaka jana Bahati alitaka kuoa, na Papa akatukalisha sote. Alisema kwamba siku ya volkano, katika msongamano wa kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, mwanamke mmoja alimwomba Mama amshikie mtoto kidogo, arudi kumvuta mwingine aliyebaki nyuma. Hakurudi. Walitangaza redioni, wakangoja, wakaogopa kila hodi kwa miaka. Mtoto huyo walimwita Bahati.

Shangazi alikataa kabisa. "Nilionaka kisigino yake na macho yangu! Mukadanganye bengine!"

Bahati akashika sikio lake, akanigeukia mimi mkubwa wake. "Sasa, yaya, haya nilitoa wapi?" Tukacheka huku tunalia.

Usiku ule sikulala. Nilikumbuka kisu kilichosimama kwenye jibini, na mkono wa Papa ulikuwa juu ya kichwa cha nani. Nilikumbuka na ule utani. Kuniambia mimi nimeokotwa kuliwezekana kwa sababu haikuwa kweli. Bahati hawakumtania hivyo hata mara moja.