Maganglio ya Maman Zaina na Maji ku Roho Yake

Siku ya kwanza ku kazi nilivaaka suruali ya mudogo wangu, fupi, nikawa kama muntu mwenye anavuka mutoni. Chefu wa banesi, mama mwenye alichekaka ku Noeli tu, aliniuliza nilisomaka paka wapi. Nilimuambia masomo niliiachaka Bukavu, mwaka ya tatu ya sekonderi, na yenyewe haijanitafuta. Hakucheka. Alinionyesha kitanda: "Mugonjwa haiko mufuko ya muchele. Unapitisha mikono chini ya makwapa, unamukumbatia, njo unainua."

Vile njo nilianzaka kuwa brankardie, mubebaji wa bagonjwa, ku hospitali moja hapa Rusizi. Nilipita ku irujansi, kwenye bagonjwa ba haraka, nikapita ku materinite, kwenye bamaman ba kuzaa balinitukana kila rangi. Kisha Dokta wa magonjwa ya ndani aliniomba mu chumba ya ekografi ya roho, njo kusema moyo, ile mashine yenye inaonyeshaka ku televizyo namna roho inapiga. Musifikiri nilikuwa naelewa. Mi niliona mawingu na mvua. Lakini mi njo nilikuwa nalalisha mugonjwa ku upande ya kushoto, na asipolala vizuri, roho haionekane. Njo diplome yangu.

Maman Zaina alitokaka Bugarama, ku mashamba ya mupunga. Alifika anapumua kama amekimbizwa, miguu imevimba, kulala chali hawezi. Nilipomuinua aliniangalia juu paka chini, akasoma jina yangu ku bluzi ya kazi: "Papa Deo, na hii tumbo yako, nani anapashwa kubeba mwenzake?" Nilimupenda palepale.

Dokta aliona maji mu kile kifuko chenye kinafungaka roho. Maji ikijaa mule, roho inakosa nafasi ya kupiga. Alipitisha sindano chini ya mbavu, akavuta maji, na Maman akapumua. Ku shingo alikuwa na ganglio mbili, zile tezi za kulinda mwili, zimevimba, ule uvimbe tunaitaka inturugunyu. Huku kwetu, maji ku roho na uvimbe ku shingo, muntu hatafute mbali: kifua kikuu. Akapewa dawa yake.

Kisha miezi mbili akarudi, amekonda, na maji imerudi. Kumuinua, bidole byangu bikagusa chini ya kwapa bintu kama mayai ya njiwa. Makwapa yote mbili. Hakuna dokta alikuwa amefika pale, juu Maman alikuwa anakaza kitenge, anasema anasikia baridi. Baridi, saa sita ya muchana.

"Papa Deo, usiseme," aliniambia polepole. "Dada yangu balimukata uvimbe na kisu, kisu ikaamsha ugonjwa, tukamuzika. Na mi batanikata."

Nilinyamaza siku mbili. Nilijidanganya naheshimu siri ya mukubwa. Kweli yenyewe, niliogopa Dokta ataniuliza muntu wa sekonderi nusu anapima nini. Siku ya tatu, ekografi ikaonyesha roho yenyewe sasa inasukuma damu kwa uchovu. Dokta akasema hajui tena afanye nini. Nikasema.

"Nani alikufundisha kupima maganglio?"

"Hakuna, Dokta. Mi nainuaka tu."

Akaenda kumuomba Maman ruhusa amuguse. Maman akaniangalia mi, haiko Dokta. "Nilikuamini," akasema. Njo neno ya mwisho alinipatia.

Batoto bake balimubembeleza paka akakubali kwenda Kigali. Kule balimukata kidogo, bakatoa ganglio moja ya kwapa, bakaipima. Haikuwa kifua kikuu. Ilikuwa ugonjwa ya maganglio yenye haionekanake sana, iko na jina ya muzungu yenye ulimi yangu inakataa paka leo. Dokta alinielezea: maganglio inapiga firimbi ya mwizi mu mwili yote, na mwizi haiko. Basi mwili inawaka, mishipa inavuja maji, roho nayo inachoka. Balimuanzisha bidonge bya kotizoni, bya kuzima ule moto, kisha dawa ya kupitisha mu mushipa yenye inanyamazishaka ile firimbi, kila wiki tatu, Kigali. Maji haikurudi. Roho ikapata nguvu. Alirudi kwetu kupimwa, nikaiona ku televizyo, hata na macho yangu ya mawingu. Siku ile Maman aligeuka ku kitanda peke yake. Mikono yangu aliikataa.

Sasa niko ku pansiyo, kazi nimeacha juu ya uzee. Bibi yangu anasema kama nina hamu ya kuinua, jembe iko. Haiko sawa. Jembe haikuegemee, haikupumulie ku shingo, haikutukane juu ya tumbo. Ningesema tena, na zile siku mbili singezingoja. Lakini matusi ya Maman Zaina naitamani paka leo.

Juzi nilimuona chini ya mupando, ile njia ya kupanda paka ku gare ya Kamembe, sakoshi ku kichwa, anaenda kushika basi ya Kigali. Zamani, mupando kama ile angepumzika ku kila mulango ya duka. Nikamufuata nimuombe samahani. Akapanda moja kwa moja, bila kusimama hata mara moja. Nilitaka kumuita, pumzi haikutoa sauti. Basi yake iliondoka mi ningali katikati ya mupando, nimeshika magoti, swali yake ya nani abebe mwenzake imenirudilia, nacheka peke yangu.